Mbalanga Dirishani

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili si langu. Mume wangu ameliacha ili niandike habari za mmea wake: siku ya kumwagilia, udongo ulikuwaje, jani jipya kama lipo. Ameondoka leo asubuhi kwenda kwenye mitambo ya umeme, mkataba wa msimu mzima wa mvua, mahali ambapo mtu hapati mtandao mpaka apande kilima. Alimkumbatia mama yake, akanikumbatia mimi, kisha akarudi chumbani akasimama mbele ya mmea mpaka dereva akapiga honi tena.

Udongo: mkavu juu. Nimemwagilia kikombe kimoja. Jani jipya: bado limejiviringa kama mkeka.

Naona kurasa ni nyingi kuliko majani. Nitaandika na mengine.

Jumanne, 5 Machi

Mmea wenyewe ni wa kutambaa, majani mapana kama sinia, yamechanika pembeni, nusu kijani nusu meupe, kana kwamba fundi wa rangi aliitwa akaacha kazi katikati. Umepandishwa kwenye nguzo iliyozungushiwa makumbi ya nazi, na mizizi yake ya hewani imeyang'ang'ania kama vidole. Mume wangu aliupata ukiwa pingili moja yenye jani moja, zawadi ya bosi wake wa zamani, akailea kwenye chupa ya maji juu ya friji. Mjini hapa hatujaona mwingine. Hajawahi kuwa na kitu ambacho mwenzake hana, na sikuona ubaya akiupenda.

Una jina refu la kigeni. Mama mkwe, ambaye analala nao chumba kimoja, anauita Mbalanga.

"Mama, mwanao akikusikia!"

"Akinisikia nimetukana? Ngozi yenye mabaka meupe jina lake ni hilo. Shangazi yangu alikuwa nayo, na alikuwa mzuri kutushinda sote."

Dirisha kubwa katika nyumba hii ni moja, nalo liko chumbani kwa Mama. Kabla ya kuondoka, mume wangu alisogeza kitanda chake hadi ukuta wa ndani ili mmea ukae kwenye mwanga. Alinieleza kwamba sehemu nyeupe ya jani haipiki chakula, inalishwa na ile ya kijani, kwa hiyo mmea kama huu una njaa wakati wote. Nilimsaidia kusukuma kitanda. Niliona ni busara.

Jumapili, 10 Machi

Amepiga. Sauti inakuja na kuondoka, upepo wa kilimani unaingilia.

"Limefunguka?"

"Limefunguka jana. Nusu kwa nusu, kama limepimwa kwa rula."

Akacheka kwa furaha mpaka na mimi nikacheka. Akanielekeza niyafute majani vumbi kwa kitambaa laini, nilishike jani kwa chini kama mtu anavyoshika shingo ya mtoto mchanga. Sisi hatuna mtoto. Nadhani alisahau anazungumza na nani. Akataka video. Nikaanza, "Mama yuko hapa, anataka..." na simu ikakatika.

"Amesemaje?" Mama akauliza.

"Anakusalimu sana."

Akanitazama kwa muda. Alikuwa opereta wa simu, zile za kuchomeka nyaya ubaoni, ujana wake wote ameumaliza masikioni mwa watu.

"Salamu ya kweli, mwanangu, huwa na mkia. 'Mwambie asitoke na baridi.' 'Mwambie aache chumvi.' Hii uliyonipa imekatwa mkia."

Alhamisi, 14 Machi

Mvua imeanza. Udongo: una unyevu. Sijamwagilia.

Jumatatu, 18 Machi

Choo chetu kiko mwisho wa ukumbi wa nje, baada ya ngazi mbili, na mvua ikipiga upande ukumbi wote ni utelezi mtupu. Mama anatembea kwa fimbo. Daktari amempa vidonge viwili vya presha, na kimoja ni kile cha kutoa maji mwilini. Leo tena hakuwahi kufika. Nimefua mashuka, nimeyaning'iniza jikoni, sebuleni, juu ya mlango. Nyumba inanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Mimi nashona mapazia, na pazia la mteja lililokuwa tayari limeingiwa na harufu, itabidi nilifue nalo.

Sikusema kitu. Najisifu kwamba sikusema kitu.

Ijumaa, 22 Machi

Mashuka.

Jumapili, 24 Machi

Anga imefunga kama kifuniko. Mume wangu anasema mmea utadhoofika, niisogeze taa ya kitandani ya Mama iuangaze mchana. Nimeona haya kumwambia Mama, lakini nilimwambia.

"Chukua," akasema. "Siku hizi nasoma dari."

Nilimweleza mume wangu utani huo nikidhani atacheka. Akauliza kama taa iko mbali kiasi cha kutounguza majani.

Alhamisi, 28 Machi

Wiki hii mashuka ni makavu. Sijui nimshukuru nani. Kila asubuhi namwekea Mama vidonge vyake na glasi ya maji. Anasema, "Weka hapo, nikipumua nitameza," na nikirudi, glasi ni tupu. Nimemaliza mapazia ya ukumbi wa hoteli, ya mikunjo, kazi ya kuumiza shingo.

Jumamosi, 6 Aprili

Muuguzi anayeishi ghorofa ya chini amepanda kumpima Mama. Ni mwanamke wa maneno machache, akikuuliza jambo unajisikia uko mbele ya hakimu. Alifunga mkanda wa kipimo, akaangalia, akafunga tena mkono wa pili.

"Dawa anakunywa?"

"Glasi inarudi tupu kila siku."

"Sijauliza glasi."

"Presha ya mvua hiyo," Mama akaingilia. "Likitoka jua itashuka, utaona."

Muuguzi hakucheka. Mlangoni aliniambia nimsimamie Mama mpaka ameze. Nilichukia kidogo. Ninamfulia, ninampikia, ninamkanda miguu, na sasa nimfungulie mdomo kama kuku?

Udongo: mbichi. Sijamwagilia wiki nzima na bado ni mbichi. Nadhani ni hewa.

Jumapili, 14 Aprili

Sehemu nyeupe za majani mawili zina madoa ya rangi ya chai, na madoa yanatanuka. Nimemtumia picha. Alipiga papo hapo.

"Umeumwagilia kupita kiasi."

"Sijaumwagilia kabisa."

"Usinidanganye. Huo ni ugonjwa wa maji. Nilikuachia kitu kimoja tu."

Kitu kimoja tu. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha Mama, naye alikuwa ameketi kitandani, kitambaa chake kimemwangukia mabegani, anatazama ukuta kwa sababu ndicho kitu kilichoko mbele yake. Sijui alisikia kiasi gani. Safari hii hakuuliza amesemaje.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimekaa na kalamu muda mrefu kabla ya kuanza.

Asubuhi nilinusa uvundo ukitoka kwenye chungu, kama maji ya maua yaliyosahaulika. Shina la chini lilikuwa laini nikilibonyeza. Nikajua mizizi inaoza, na kwamba nisipoitoa mmea utaondoka wote. Nikatandaza magazeti sakafuni, nikamwomba Mama anisamehe kwa uchafu, nikalaza chungu ubavu na kuanza kuchimba kwa kijiko.

"Kwa nini usiuache?" Mama akasema.

"Mwanao ataniua."

"Uache tu, mwanangu. Nenda kashone."

Sauti yake haikuwa ya kawaida, lakini nilikuwa nimeshaingiza mkono. Udongo ulikuwa tope. Nyuma ya nguzo, chini ya makumbi, vidole vyangu vilikutana na vitu vidogo vigumu. Nilidhani ni mayai ya konokono. Nikavitoa kwenye mwanga. Vilikuwa vidonge. Vingine vimebaki umbo lake, vingine vimekuwa uji mweupe, na kila nilipochimba nikakuta vingine.

Sikugeuka mara moja.

"Mama, hivi ni nini?"

"Si unaviona."

"Tangu lini?"

"Tangu mashuka yalipoanza kukataa kukauka."

Nikageuka. Alikuwa amekalia mikono yake, kama msichana aliyekamatwa.

"Kile kimoja kinanikimbiza chooni," akasema. "Nikifika nusu ya ukumbi, chenyewe kimeshatangulia. Nikaacha hicho. Halafu sikujua kipi ni kipi, macho haya, nikaacha vyote. Kidonge nakizika, maji namnywesha Mbalanga. Nilidhani maji hayaudhuru mti."

"Kwa nini hukuniambia? Ningekuletea ndoo hapa ndani, ningefanya lolote. Mimi nimewahi kukusema?"

"Hujawahi. Ungenisema ingekuwa nafuu. Kunung'unika kwa mtu nakujua, nimekusikiliza maisha yangu yote. Wewe ulikuwa unachukua shuka, unafunga mlango taratibu, unafua kimya. Ule mlango taratibu ndio ulionishinda."

Nilikaa pale pale kwenye magazeti, mikono matope hadi viwiko, nikalia. Na yeye, badala ya kulia, akaniambia nisijishike uso, nitaingiwa na udongo machoni.

Baadaye nilimaliza kazi. Nimekata mizizi yote iliyooza, nimekata shina hadi penye uzima, nimebaki na kipande chenye majani mawili na mizizi michache myeupe. Nimekiweka kwenye chungu kidogo chenye udongo mkavu.

Kisha nikashusha pumzi na kusukuma kitanda cha Mama hadi dirishani. Peke yangu. Mbalanga nimemweka ukumbini, karibu na mlango wa jikoni, penye mwanga wa kuombaomba.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimeleta ndoo yenye kifuniko na kiti kilichotobolewa katikati. Seremala jirani alikitoboa bila kuuliza. Vidonge anameza mbele yangu. "Aaa," ananionyesha ulimi. Tumecheka. Muuguzi amepima: bado juu. Amesema mwezi huu bila dawa umeshafanya kazi yake ndani, tumwombe Mungu na tusikose dozi.

Jumapili, 21 Aprili

Mume wangu amepiga. Nimemtumia video ya zamani, ya mwezi Machi, majani yakiwa mazima. Akasema, "Umeona? Ukifuata maelekezo unapendeza." Sijui kama alikuwa anasema mimi au mmea.

Sikumwambia habari ya vidonge. Nilitaka aulize, "Na Mama?" ndipo nimwambie. Nilisubiri mpaka mtandao ukakatika.

Jumatano, 24 Aprili

Mama ameuvaa mtaa kama nguo mpya. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara hucheza peke yake akikosa wateja. Mwenye duka la viatu ana wake wawili, au mke mmoja mwenye hasira za aina mbili. Ninashona huku mlango wa chumba uko wazi na yeye ananitangazia kila kitu kwa ile sauti yake ya zamani ya opereta, ya mtu mwenye nguo safi. Nimeishi naye nyumba moja miaka yote hii na sikujua kuwa anachekesha namna hii. Nilimjua kama kazi.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua siku nzima. Supu ya mboga. Mama amekula mara mbili.

Jumatatu, 29 Aprili

Alikuwa katikati ya sentensi. Alikuwa ananieleza kwamba kinyozi amepaka mlango rangi, akasema, "Rangi yenyewe ni ya..." Nikangoja. Mguu wangu ulikuwa juu ya pedali ya cherehani. Nikasema, "Ya nini, Mama?" Halafu nikasikia fimbo ikianguka.

Mdomo umekwenda upande. Mkono wa kulia umelala kama si wake. Nilikimbia ngazi zote hadi chini nikapiga mlango wa Muuguzi kwa viganja. Tulimbeba sisi wawili na kinyozi, ambaye aliona dirishani tukihangaika akaja bila kuitwa, mikono bado na sabuni. Ndani ya gari Mama aliniangalia kwa jicho moja tu, na jicho hilo lilikuwa linajua kila kitu.

Hospitali. Kiharusi. Wamesema watajitahidi.

Nilimpigia mume wangu mara nyingi mchana kutwa. Hakuwa kilimani.

Jumatano, 1 Mei

Wifi amefika, dada mkubwa wa mume wangu, anayeishi mji wa pili. Nimekuwa nikimwogopa wifi huyu tangu nilipoolewa. Ulimi wake hauna mlango. Alipita moja kwa moja hadi kitandani, akamgusa Mama shavu, kisha akanigeukia mbele ya wagonjwa wote.

"Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, vidonge, mashuka, mlango taratibu. Nilidhani atanipiga. Akatoka nje, akakaa ukumbini kwenye benchi, na nilipomfuata akasema, "Mwaka jana alikuwa kwangu miezi miwili. Na mimi nilifua kimya."

Tulikaa bega kwa bega mpaka walipotuita.

Jumapili, 5 Mei

Mume wangu amepatikana. Nilimwambia bila kuzunguka: Mama amepata kiharusi, haongei, njoo. Nilisikia upepo.

"Barabara imekatwa na mafuriko," akasema. "Daraja limechukuliwa."

"Likirudishwa njoo."

"Nitaongea na msimamizi." Kisha, kwa sauti ndogo, "Nyumbani nani anaangalia..." Hakumalizia. Sikumsaidia kumalizia.

Jumamosi, 11 Mei

Wamemruhusu Mama, maana yake wameishiwa la kumfanyia. Tumemrudisha kitandani kwake dirishani. Wifi alijikwaa kwenye chungu cha Mbalanga pale ukumbini, akakiinua juu kwa hasira akitaka kukirusha chini barabarani. Nilimshika mikono.

"Unautetea?" akafoka. "Baada ya yote haya?"

"Wenyewe haujamkosea mtu, wifi. Ulinyweshwa tu."

Akauweka chini. Baadaye nilimwona anautoa tope kwenye jani kwa ukingo wa kanga yake, huku akiulaani.

Jumapili, 12 Mei

Alipopiga, sikuongea. Niliweka simu kwenye sikio la Mama nikaongeza sauti.

"Mama?" akasema. "Mama? Ni mimi."

Mama akatoa sauti. Haikuwa neno, lakini ilikuwa na mkia.

Na mume wangu, ambaye sijui nimweleze vipi, akaanza kuzungumza haraka haraka. Alimwambia kwamba mmea ule unahitaji kugeuzwa kila wiki, robo mzunguko, ili usiegemee upande mmoja. Kwamba ukiona jani linainama si lazima mmea uwe na kiu. Alimweleza mama yake, ambaye hawezi kugeuza hata shingo, namna ya kugeuza chungu. Hakuweza kunyamaza na hakuwa na kingine cha kusema. Wifi alitoka chumbani akiwa ameziba mdomo. Mimi nilibaki nimeshika simu mpaka mkono ukafa ganzi. Mama alisikiliza jicho likiwa wazi, hadi mwisho, jinsi alivyokuwa akiwasikiliza watu kazini.

Miezi hii nimepita hatua zote na mume wangu. Nilimwona mtu makini, kisha nikamwona mtu mwenye moyo wa jiwe. Leo nimesikia kwamba anaogopa. Sijui kama hilo ni afadhali.

Alhamisi, 16 Mei

Vidonda vya mgongo. Tunamgeuza Mama kwa zamu, mimi na Wifi. Chakula anakimeza kwa shida, kingi kinarudi.

Jumapili, 19 Mei

Hakupiga.

Jumanne, 21 Mei

Mama amefariki asubuhi. Nilikuwa nimekwenda kuchemsha maji. Niliporudi na beseni, Wifi alikuwa ameketi kitandani ameshika mguu wa Mama kwa mikono miwili, na hakuniangalia.

Tumemwogesha kwa maji yale yale.

Alhamisi, 23 Mei

Tumemzika jana, mvua ikanyesha kaburini mpaka wachimbaji wakawa wanateka maji kwa ndoo kabla ya kumshusha. Kinyozi alikuja, Muuguzi alikuja. Mume wangu, niliyemtumia ujumbe juzi, amefika leo mchana.

Aliingia na viatu vya kazini, tope limekauka hadi magotini. Alikumbatiana na dada yake kama watu wanaobeba kitu kizito kati yao. Kisha akaenda chumbani. Alikuta kitanda tupu dirishani, na alisimama pale kama alivyosimama siku ya kuondoka. Halafu akatoka akauona mmea ukumbini, jani moja lililobaki na kisiki cha jingine.

"Nini kimeupata?"

Wifi alianza kuinuka. Nikamwomba kwa jicho akae.

Nilimwambia mume wangu yote, nikiwa nimesimama, bila kupandisha sauti. Vidonge kwenye udongo. Maji ya glasi. Kwa nini Mama alifanya hivyo. Lini nilijua. Kwamba nilimtumia video ya uongo. Alisikiliza ameegemea ukuta, na kadiri nilivyoongea ndivyo alivyokuwa anashuka, mpaka akawa amechuchumaa.

"Ungeniambia," akasema.

"Ulikuwa unauliza majani."

Alifunika uso.

"Barabara ilifunguliwa wiki iliyopita," akasema kutoka ndani ya viganja vyake. "Gari zilikuwa zinapita. Kila siku nilikuwa nafunga begi, kila siku nalifungua. Nilijiambia nikimkuta hivyo, hivyo ndivyo nitakavyomkumbuka. Nikasema acha nimkumbuke akiongea."

Wifi akasema, "Basi umefaulu," akaingia jikoni. Sikumfuata Wifi na sikumwinua mume wangu. Niliwasha cherehani. Hakukuwa na kitambaa chini ya sindano, nilishona hewa.

Alhamisi, 30 Mei

Mume wangu amerudi mitamboni kumaliza mkataba. Siku hizi zote amelala sebuleni, kwenye mkeka, hakuthubutu kulalia kitanda cha Mama. Hakuugusa mmea. Wala hakuacha maelekezo.

Wifi naye ameondoka. Ameniachia kanga yake. "Ukichoka na kimya," akasema, "nipigie unitukane."

Jumatano, 5 Juni

Mvua zinaelekea kukoma. Udongo: sijui, sikuutazama. Mmea umetoa jani jipya bila kusaidiwa na mtu. Limefunguka kijani tupu, halina hata tone la weupe, ni jani kama jani la mmea wowote kando ya mtaro. Muuguzi ameliona akasema mara nyingine huwa hivyo, mmea ukiteswa huacha mapambo.

Nimeuweka juu ya kabati la jikoni. Utakaa hapo, nitaumwagilia nikikumbuka.

Jumapili, 9 Juni

Amepiga. Niliiacha simu iite kidogo. Nilijua swali litakalokuja na nilikuwa nimejiandaa kuikata.

Upepo. Nilijua yupo kwa sababu nilisikia anapumua kama mtu aliyepanda kwa haraka.

"Hujambo?" akasema.

Ni salamu tu. Watu wa mtaa mzima huniuliza hivyo kila siku, nami huwajibu "sijambo" kabla hawajafunga mdomo, hata siku ile ya mazishi niliwajibu hivyo, mvua inanichuruzika shingoni. Nilifungua mdomo kumjibu na yeye hivyo hivyo. Neno halikutoka. Nilijaribu tena, likakwama pale pale.

"Upo?" akauliza.

"Nipo," nikasema. "Ninalo jambo. Yapo mengi. Tafuta jiwe ukae."

Nilisikia changarawe chini ya viatu vyake, halafu nikasikia amekaa.